Baridi ya Frigo Haiui Kolera



Kati ya frigo za mtumba zinazotoka Ulaya na Dubai, kuna zile zenye mpira mwembamba mgongoni. Ni wa kuingizia maji. Ukiungwa na bomba, frigo inayapoza maji na kutengeneza barafu yenyewe, bila mtu kujaza chupa. Kwa mama anayeuza maji baridi na barafu, hiyo ni nafuu kubwa.

Lakini kabla ya kumwita fundi, tujiulize swali moja: maji yatakayopita katika ule mpira, tungempa mtoto ayanywe hivyo hivyo, bila kuyatia dawa wala kuyachemsha?

Wengi wanajibu kwamba frigo ina chujio lake. Ni kweli, lakini chujio la frigo kwa kawaida ni la mkaa. Linaondoa harufu, ladha mbaya na takataka ndogo. Haliui vijidudu. Zaidi ya hayo, mkaa unaondoa hata klorini iliyotiwa ndani ya maji ili kuyalinda. Watengenezaji wenyewe wanaandika katika vitabu vyao kwamba chujio hilo lisitumiwe kwa maji ambayo usalama wake haujulikani, kama hayajatiwa dawa.

Wengine wanasema baridi inaua vijidudu. Haiui. Kijidudu cha kolera kinaweza kubaki hai ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka katika glasi ya juisi, kinaingia tumboni. Kolera ilipofika Peru mwaka 1991, vinywaji vya barabarani na barafu vilikuwa kati ya njia zilizoueneza ugonjwa.

Kwetu kando ya Ziwa Tanganyika jambo hili si la mbali. Kalemie na Uvira ni miji ambako kolera inarudi mara kwa mara. Kule Uvira watafiti walilinganisha hesabu za mtambo wa maji na hesabu za wagonjwa, kutoka 2009 hadi 2014. Waliona kwamba bomba zikikosa maji siku nzima, wagonjwa wanaongezeka zaidi ya mara mbili katika siku 12 zinazofuata. Bomba likikauka, watu wanarudi kuchota ziwani na mtoni. Tena, bomba tupu lenye tundu linaweza kuvuta uchafu wa nje, na maji yakirudi yanakuja nao. Frigo iliyoungwa hapo itavuta maji hayo hayo.

Basi tufanye nini?

Ikiwa maji yenu yanatoka ziwani, mtoni, au katika bomba linalokatika-katika, acheni ule mpira bila kuuunga na mzime kitengeneza barafu. Frigo itaendelea kupoza kama kawaida. Safisheni maji kwanza, halafu myaweke ndani kwa chupa safi zenye vifuniko. Njia ni tatu:

Kuchemsha: maji yatokote kwa nguvu dakika 1 kamili, yapoe yakiwa yamefunikwa.

Klorini: fuateni kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ngojeni dakika 30. Maji yenye matope yachujwe kwanza kwa kitambaa safi.

Jua: chupa za plastiki zisizo na rangi, zenye maji meupe, zilale juani saa 6. Mawingu yakiwa mengi, siku 2.

Barafu nayo itengenezwe kwa maji hayo hayo, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kufunga mifuko. Mama anayenunua barafu ana haki ya kuuliza: maji haya yametiwa dawa?

Aliye na maji salama yasiyokatika anaweza kuunga. Fundi aweke robine ndogo ya kufungia karibu na frigo, na mpira uwe mpya, wa maji ya kunywa. Maji ya kwanza ya kusuuza mpira na barafu ya siku ya kwanza vimwagwe. Chujio libadilishwe kila miezi 6, au mapema kama kitabu cha frigo kinavyosema. Siku bomba likikauka, fungeni robine ile.

Na mtu akianza kuharisha maji maji kama maji ya mchele, asingoje. Mpeni maji ya chumvi na sukari: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Anywe kidogo kidogo huku mkimpeleka kituo cha afya. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya.

Katika mkutano ujao, kila kikundi chenye mama anayeuza maji baridi kizungumze naye juu ya jambo hili, kwa upole. Biashara yake tunaihitaji, na watoto wetu ndio wateja wake.