Shingo ya Gitare Kwanza, Kisha Rangi

Katika makanisa yetu ya Uvira, tangu Kavimvira mpaka Kalundu, korali huchanga pesa kwa muda mrefu ili kupata gitare moja. Kisha anayetumwa kuinunua Bujumbura anatazama rangi, anasikiliza sauti kidogo, analipa. Baada ya miezi michache wanaoipiga ni vijana wawili wenye vidole vigumu. Wasichana wamekwisha acha, nasi tunasema hawana kipawa. Mara nyingi kipawa kipo. Shingo ya gitare ndiyo inayowashinda.

Kwa anayeanza tunapendelea nyuzi za nailoni. Zote sita pamoja huvuta shingo kwa nguvu ya kilo 40 hivi, wakati nyuzi za chuma huvuta karibu kilo 70. Ndiyo maana hazichomi vidole sana. Na ndiyo maana pia hatuwezi kutia nyuzi za chuma kwenye gitare ya nailoni, hata kama ndizo zilizoko sokoni: kidaraja kilichogundishwa juu ya ubao kitang'oka, au shingo itapinda.

Lakini nailoni ina ugumu wake, nao ni upana. Pale juu, penye kijipande cheupe kinachopitisha nyuzi, shingo yake kwa kawaida ina milimita 52. Ile ya nyuzi za chuma ina 43 hivi. Kwa mkono mdogo hiyo si tofauti ndogo. Zipo za nailoni zenye milimita 48, na zipo fupi zinazoitwa robo tatu. Watu huzidharau kuwa za watoto, kumbe mama mwenye vidole vifupi atajifunza upesi zaidi kwa hiyo.

Kwa hiyo atakayeipiga aende mwenyewe dukani. Aketi, aweke kidole gumba nyuma ya shingo, apige akorde ya do, kisha ya fa, ile inayotaka kidole kimoja kilale juu ya nyuzi kadhaa. Mkono ukiuma kabla ya dakika tano, airudishe. Halafu apime pale shingo inapokutana na sanduku, kwenye chuma cha 12: kutoka chuma mpaka uzi iwe milimita 3 au 4. Mwisho aitazame shingo kwa jicho moja toka kichwani, kama seremala anavyotazama ubao.

Nyuzi zikiwa juu kidogo, fundi anaweza kuzishusha: anatoa kile kijipande cha kidaraja, anakisugua upande wa chini kwa msasa. Akiondoa milimita 2, pale kwenye chuma cha 12 uzi unashuka milimita 1 tu, basi asugue polepole, kwa sababu kilichosuguliwa hakirudi. Shingo iliyopinda ni jambo lingine. Gitare nyingi za nailoni hazina fimbo ya kuinyoosha ndani yake. Hiyo tuiache dukani, hata bei ikishuka.

Tena, tusiiache kanisani mchana chini ya mabati. Joto hulegeza gundi.

Sauti ya nailoni ni ya chini. Penye ngoma na watu wengi siku ya Jumapili haitasikika bila mikrofoni mbele ya tundu lake. Kwa mazoezi ya jioni inatosha yenyewe.