Mwani Wetu na Nguvu ya Maji ya Moto

Bahari inapokupwa wakati wa bamvua, akina mama wa pwani ya Mtwara hushuka kwenye mashamba yasiyo na jembe. Hupigilia mambo mchangani, hufunga kamba na mbegu za mwani, na baada ya majuma sita hivi huvuna. Kilimo hiki, kilichoanza kwa biashara Unguja mwaka 1989, ni kazi ya jasho. Kilo saba au nane za mwani mbichi zikianikwa hubaki kilo moja tu, nayo hupakiwa melini kwenda ng'ambo. Huko hutolewa karajini, ute uzitishao aiskrimu na dawa ya meno, nasi twarudi dukani kuununua kwa bei ya mwenye kiwanda. Je, hali hii itaendelea hadi lini?

Wataalamu wa ulimwengu wamegundua njia isiyohitaji dawa kali, bali maji matupu. Kila mpishi ajua kwamba maji huchemka kwa nyuzi 100 yakawa mvuke. Lakini yakifungiwa katika chombo madhubuti cha chuma na kukandamizwa, hubaki maji hata yafikapo nyuzi 200. Hapo tabia yake husogea karibu na ya spiriti, yakayeyusha vitu ambavyo maji ya kawaida huviacha. Ndivyo yatoavyo katika mwani viini vizuiavyo mafuta ya chakula yasichache. Ute wenyewe hutolewa kwa joto la chini zaidi.

Hata hivyo, tusijidanganye. Kwa nyuzi 200 chombo hicho hubeba msukumo uzidio mara 15 ule wa hewa. Kikiwa hafifu hupasuka na kuua. Tena joto likizidi, ute hukatikakatika ukapoteza thamani. Hii si kazi ya sufuria za uani, bali ya wahandisi na wakemia.

Mtwara haikosi moto, kwani gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, huendesha mitambo ya umeme. Wala mfano haukosekani: akina mama wa Kidoti, Unguja, wamekwisha tengeneza sabuni ya mwani. Yafaa basi vyuo na watafiti wetu waanze na mtambo mdogo wa majaribio, chini ya ushirika wa wakulima wenyewe, na mashamba yafuate masharti ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa huko mwaka 2000.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilitufunza kujitegemea. Mwenye kupanda na awe pia mwenye kusindika.