Dawa na rangi ya ngozi

Katekista anayewatembelea wagonjwa kule Kasungami, katika komini ya Annexe ya Lubumbashi, anaweza kupata ulizo hili: «Dawa hii ilijaribiwa kwa Wazungu. Je, itafaa mwili wa mtu mweusi?» Ulizo hilo si la wajinga, waganga wenyewe hubishana juu yake. Basi tulichunguze vema, ndugu wasomaji, maana neno moja letu laweza kumfanya mgonjwa atupe dawa zake.

1. Wenye kutazama rangi. Waganga wengine husema: rangi ni alama, haielezi yote, lakini ni afadhali kuliko kukosa alama yo yote. Hutoa mfano wa tansio ya damu. Dawa kama enalapril, ikitolewa peke yake, kwa kawaida haishushi tansio ya watu weusi sawa na ile ya Wazungu. Kwa hiyo mashauri ya waganga wa Uingereza husema kwamba mtu wa asili ya Afrika aanzishiwe, kwa kawaida, dawa ya aina nyingine, kama amlodipine.

2. Wenye kukataa. Wengine hujibu: hayo ni kweli kwa watu wengi pamoja, lakini mganga hutibu mtu mmoja. Tazameni mambo ya figo. Kabla ya kupima kiasi cha dawa, mganga hutaka kujua figo za mgonjwa zinasafisha damu namna gani. Hukadiria kwa hesabu, akitazama kreatinine iliyo katika damu. Mwaka 1999 wataalamu wa Marekani walitoa hesabu yenye sharti hili: mgonjwa akiwa mweusi, jibu lizidishwe kwa 1,180. Walidhani mweusi ana nyama nyingi zaidi mwilini. Ndiyo kusema, mtu mwenye milita 27 kwa dakika alihesabiwa kuwa na karibu 32. Sasa, metformin, dawa ya ugonjwa wa sukari, haipaswi kupewa mtu aliye chini ya 30. Hivi, kwa sababu ya rangi tu, mgonjwa aliweza kuvushwa mpaka na kupewa dawa ya kumdhuru.

Nani alipima jambo hilo kwa watu wetu? Ni waganga wa Kinshasa. Mwaka 2018 walitangaza matokeo ya watu wazima 93 wenye afya, ambao figo zao zilipimwa kweli, si kwa kukadiria. Waliona kwamba kuzidisha kwa ajili ya rangi hakufai. Mwaka 2019 walilihakikisha tena pamoja na wenzao wa Abidjan. Mwaka 2021 Wamarekani wenyewe wakatoa hesabu mpya isiyouliza rangi.

3. Urithi si rangi. Je, basi miili yote ni sawasawa? Hapana. Zamani iligunduliwa kwamba primaquine, dawa ya malaria, huharibu damu ya watu fulani, na wengi waliopimwa Marekani walikuwa weusi. Mwaka 1956 waganga walipata sababu: watu hao walipungukiwa na kitu kinacholinda chembe nyekundu za damu, kiitwacho G6PD. Lakini upungufu huo huo ulionekana kwa Wagriki, kwa watu wa Sardinia, kwa Waarabu na Wahindi. Tena weusi wengi hawana. Ni urithi wa jamaa ambazo mababu zao waliishi katika nchi za malaria, si alama ya ngozi.

4. Tumshauri nini mgonjwa? Asikatae dawa kwa sababu ya asili yake, wala asiazime dawa ya jirani. Amwambie mganga dawa gani ilimdhuru zamani, kama mkojo wake uligeuka mweusi baada ya kumeza dawa, na nani katika jamaa yake ana ugonjwa wa damu. Achukue karatasi za vipimo vyake vyote.

Mwishoni, tukumbuke hili: mara nyingi rangi hutazamwa kwa sababu pesa ya kipimo imekosekana. Jumuiya inayomchangia mgonjwa gharama ya kupima damu yake inamsaidia mganga amtazame mtu mwenyewe, si ngozi yake.