Kumtafuta Mama wa Bibi: Mocímboa da Praia na Njia ya Mama

Kila mwaka, wanafunzi wakipewa zoezi la kuandika nasaba zao, upande wa baba hufika mababu watano bila taabu. Upande wa mama hukwama kwa bibi. Siwacheki, maana hata mimi nilikwama papo hapo. Bibi yangu mzaa mama alizaliwa Mocímboa da Praia, pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, Msumbiji, akavuka mto Ruvuma angali msichana. Mama yake tulimjua kwa jina moja tu.

Makala haya yanaeleza kwa nini njia ya mama ni ngumu, na namna ya kuifuata.

Ugumu wa kwanza umo katika majina yenyewe, kwani "bin" na "binti" humtaja baba. Mfano mzuri ni Nunu Fatima binti Zakaria wa Mogincual, kusini zaidi, mwanamke mwenye mamlaka aliyeandikiana barua na Wareno katika karne ya 19. Barua za namna hiyo, za Kiswahili kwa hati za Kiarabu, zimehifadhiwa Maputo katika Arquivo Histórico de Moçambique, nyaraka za taifa zilizoanzishwa mwaka 1934. Wamakua wana nihimo, yaani ukoo unaopita kwa mama. Wamakonde nao hufuata mama. Hata hivyo, jina la bibi huyo linatupa Zakaria, na mama aliyemzaa hayumo.

Ugumu wa pili ni tahajia. Makarani waliandika Kireno: Mohamedi akawa Momade, Hassani akawa Assane, Yusufu akawa Issufo, Mwanajuma akawa Muanajuma. Msomaji wetu anayetafuta "Mw" atarudi mikono mitupu. (Neno "Mwani" nalo hutupotosha. Sisi tunafikiria majani ya baharini, kumbe kwa Kimwani ni pwani.)

Tena, hadi mwaka 1961 sheria ya kikoloni iliwatenga Waafrika walio wengi kuwa "indígenas", na wengi wao hawakuandikishwa kabisa katika rejesta za kiraia. Lakini cheti kirefu cha kuzaliwa cha Kireno kina jambo ambalo vyeti vingi havina: hutaja wazazi, kisha babu na bibi wa pande zote mbili. Kwa hiyo usihangaike na cheti cha bibi yako, huenda hakijapata kuwapo. Tafuta cha mtoto wa dada yake. Humo, mama wa bibi yako ataandikwa kama bibi mzaa mama.

Kabla ya karatasi, hata hivyo, kaa na wazee. Usiulize tu, "Mama yake alikuwa nani?" Kwetu mama mkubwa ni mama, na mama mdogo ni mama. Uliza aliyemzaa ni nani, na kama hao ni ndugu wa tumbo moja. Uliza pia somo wake wa unyago alikuwa nani, alikaa eda nyumbani kwa nani, kazikwa karibu na nani. Mzee aliyesahau jina la ukoo hawezi kumsahau somo.

Kazi hii haingoji. Mocímboa da Praia ilishambuliwa tarehe 5 Oktoba 2017, ikatekwa na waasi Agosti 2020, ikakombolewa na majeshi ya Msumbiji na Rwanda Agosti 2021. Watu walikimbilia Pemba, Nampula na kwingineko, wengi bila hata karatasi moja. Miongoni mwao yumo binti wa mdogo wake bibi, ambaye mimi namwita mama mdogo. Cheti chake kilibaki ndani ya nyumba.

Nilipompigia simu, nilimwomba radhi kwa kumuuliza habari za karatasi wakati ana shida kubwa zaidi. Akacheka. Alikuwa amekinakili cheti hicho mara nyingi mno, kila alipomwandikisha mtoto shule. Akanitajia jina la bibi yake herufi kwa herufi, kwa Kireno, na jina la pili ambalo hakuna aliyepata kulisikia huku kwetu. Nikaliandika kama alivyolisema, kisha chini yake kwa tahajia yetu.