Mkitoa Pesa kwa Wakati Mmoja, Nani Anatangulia?

Tuseme kikundi cha wavuvi wa Kizingitini, kisiwani Pate, kina akaunti moja ya pamoja. Salio ni shilingi 10,000. Mweka hazina yuko Lamu mjini, anataka 7,000 za barafu. Mwenyekiti yuko Kizingitini, anataka 6,000 za petroli ya boti. Wote wawili wanathibitisha sekunde ile ile. Je, itakuwaje?

Utasema: si mfumo utamkataa mmoja? Ndiyo, lakini ukiwa umetengenezwa vizuri. Kwa kompyuta, kutoa pesa ni hatua tatu: kusoma salio, kupunguza kiasi, kuandika salio jipya. Maombi mawili yakienda sambamba bila mpangilio, yote yanaweza kusoma 10,000 na kuona zinatosha. La kwanza linaandika 3,000. La pili, ambalo bado linakumbuka 10,000, linaandika 4,000 juu yake. Pesa zilizotoka ni 13,000, na hesabu inasema zimebaki 4,000! Hapo ndipo wanakikundi huanza kuangaliana vibaya na kuulizana nani kala pesa, kumbe hakuna aliyeiba.

Tuliigiza jambo hili kwa programu ndogo yenye nyuzi mbili, yaani kazi mbili zinazoendeshwa kwa pamoja, kila moja ikishika nafasi ya mtu mmoja. Mara nyingi hesabu ilitoka sawa. Halafu, ghafla, ikakosea. Ndiyo maana kasoro hii ni ya hatari: kujaribu mara moja na kufaulu hakuthibitishi chochote.

Dawa yake ni kufuli. Mwaka 1965, mtaalamu wa kompyuta Mholanzi, Edsger Dijkstra, alichapisha suluhisho la tatizo la kazi nyingi kugombea kitu kimoja. Wazo lenyewe si geni Lamu. Kwenye kichochoro chembamba, punda wawili wenye mizigo hawapishani. Mmoja husubiri mwenzake apite. Akaunti vilevile: ombi la kwanza linaifunga, linamaliza hatua zote tatu, ndipo linaifungua. La pili sasa linasoma 3,000, linaona hazitoshi, linakataliwa.

Kwa hivyo mwenyekiti akiambiwa "salio halitoshi" na dakika iliyopita aliona 10,000, asikimbilie kulaumu mtu. Kumbukeni haya:

- Angalieni taarifa ya akaunti kwanza, mjue nani ametoa nini.
- Mtandao ukikatika katikati, usirudie muamala kabla ya kuhakikisha kama ule wa kwanza ulipita.
- Pigianeni simu kabla ya kutoa.

Hilo la mwisho hatuwezi kuwafanyia. Kufuli linalinda hesabu tu. Halijui kama leo barafu ni muhimu kuliko petroli. Hayo mtayaamua wenyewe kikaoni.