Sinia Lililorudi Nusu

Mwaka jana, baada ya swala ya adhuhuri, nilihudhuria walima mtaani kwetu hapa Mombasa. Kila sinia lilikaliwa na watu wanne, na biriani ya mbuzi iliyokuwa juu yake, iliyokolea samli na zaafarani, ingewashibisha wanane. Tuliponawa mikono niliwaona vijana wakiyakusanya masinia na kuumwaga wali katika mifuko ya taka. Nami nilikuwa nimekula katika sinia mojawapo. Nikaomba dua, nikajiendea zangu bila kusema neno.

Haikutimu miezi miwili, baba wa bibi harusi alibisha hodi kwangu baada ya Isha. Alikuwa na deni la mchele dukani na deni la mpishi, dhahabu ya mkewe imewekwa rehani, na kitinda mimba wake amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. "Sheikh," akaniuliza huku ameinamisha uso, "mwenye deni ana fungu katika zaka. Je, mimi nimo?"

Swali hili, enyi wazazi wenzangu, si jepesi. Ni kweli kwamba wenye madeni ni miongoni mwa makundi manane yaliyotajwa katika Sura at-Tawba, aya ya 60. Lakini wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafi, akiwemo Imam Nawawi, wameeleza kwamba aliyekopa kwa ajili ya israfu hapewi zaka mpaka atubie. Walima yenyewe ni sunna, Mtume (S.A.W.) alimwamrisha Abdurrahman bin Awf aifanye ijapokuwa kwa mbuzi mmoja. Kosa haliko katika karamu, liko katika kipimo. Na kipimo kimeshikwa hata katika maji: Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja na kuoga kwa pishi moja. Sisi, ambao majumbani mtungi wa maji twaununua kwa mwenye mkokoteni, tukifika msikitini huliacha bomba wazi tangu kusukutua hadi kuosha miguu.

Wala wasilaumiwe akina mama peke yao kwa sababu ya sare za kesha na za kupamba. Baba yule alikiri kwamba mkewe alitaka wageni 100. Yeye ndiye aliyetaka 400, asije akaonekana mnyonge mbele ya shemeji zake.

Nilimjibu kwamba mlango wa toba u wazi, na kwamba kwanza awaendee wanaomdai awaombe muda. Alifanya hivyo, na fungu la zaka likamlipa mwenye duka. Deni la mpishi analilipa mwenyewe kidogo kidogo. Dhahabu bado haijakombolewa. Mtoto amerudi shule.

Binti wa pili ataolewa baada ya Idi, inshallah: nikahi msikitini, halua na kahawa, kisha masinia kwa hesabu ya wageni. Mashangazi hawajaridhika, lakini mama yake ameshikilia neno lake.