Kutoka Gunia hadi Tarakimu: Namna Mizani ya Kielektroniki Inavyofanya Kazi na Jinsi Mlaji Anavyoweza Kujilinda

Msimu wa mavuno ya alizeti unapofika, barabara zinazoingia mjini Kiomboi hujaa baiskeli, pikipiki, mikokoteni ya ng'ombe na malori yaliyosheheni magunia. Kazi ya mkulima ya miezi mingi, tangu kulima na kupanda hadi kupura na kupepeta, hufikia hatima yake mbele ya kioo kidogo chenye tarakimu. Gunia huwekwa juu ya jukwaa la mizani, tarakimu huchezacheza kwa sekunde chache, kisha hutulia. Kinachosomeka hapo ndicho kitakacholipwa.

Zamani mlaji aliona kila kitu kwa macho yake. Mizani ya mikono miwili ilikuwa na jiwe upande mmoja na bidhaa upande wa pili, na mkono ukilala kila mtu alijua upande uliozidi. Mizani ya kielektroniki imeficha kazi hiyo ndani ya kasha. Ni mizani nzuri, yenye kasi na usahihi mkubwa ikitunzwa, lakini humtaka mlaji aiamini bila kuiona ikifanya kazi. Makala hii inaeleza kinachotokea ndani ya kasha hilo, ili imani ya mlaji iwe na msingi na shaka yake iwe na sababu.

Transdusa ni nini?

Kifaa chochote kinachopokea nishati ya aina moja na kuitoa katika umbo la aina nyingine huitwa transdusa. Katika vipimo vya kisasa, umbo linalotafutwa ni umeme, kwa kuwa umeme ni rahisi kukuzwa, kuhesabiwa na kuonyeshwa kwa tarakimu. Uzito, joto, mwanga, sauti na mwendo wa kimiminika haviwezi kusomwa moja kwa moja na kompyuta. Lazima kwanza vitafsiriwe kuwa umeme, na mtafsiri huyo ndiye transdusa. Kama alivyo mkalimani wa mahakamani, akikosea neno moja, hukumu yote hupotoka hata kama hakimu ni mwadilifu.

Transdusa zimegawanyika katika makundi makuu mawili. Kundi la kwanza huzalisha umeme zenyewe kutokana na nishati zinazoipokea. Kundi la pili hazizalishi umeme. Hupewa umeme kutoka kwenye betri au waya, nazo huubadili kulingana na kile zinachokipima. Mizani nyingi za jukwaa na za kuning'iniza zinazotumika katika biashara ya mazao zimo katika kundi hili la pili.

Ndani ya mizani ya magunia

Chini ya jukwaa la mizani kuna kipande cha metali kiitwacho seli ya uzito. Gunia linapowekwa, kipande hicho hujipinda. Kupinda kwenyewe ni kudogo mno, ni sehemu ndogo ya milimita, na jicho haliwezi kukuona. Juu ya metali hiyo zimegundishwa kanda nyembamba sana za metali, zilizokunjwa kwenda na kurudi mara nyingi. Kanda hizo huvutika au hubanwa pamoja na metali iliyozibeba. Waya unapovutika huwa mrefu na mwembamba zaidi, na umeme hupita kwa shida zaidi. Unapobanwa, umeme hupita kwa urahisi zaidi. Kanda za aina hii zilibuniwa mwaka 1938 nchini Marekani na watu wawili waliofanya kazi kila mmoja kwa njia yake, Edward Simmons na Arthur Ruge.

Kwa kawaida kanda nne huunganishwa pamoja ili tofauti ya upitishaji umeme baina yao itoe volti ndogo inayolingana na mzigo. Udogo wa volti hiyo unastahili kufikiriwa. Chukua mizani yenye uwezo wa kilo 300, ambayo seli yake inalishwa umeme wa volti 5 na hutoa milivolti 10 inapobeba mzigo kamili. Gunia la kilo 100 litatoa takribani milivolti 3.3 tu, yaani kama sehemu 1 ya 450 ya nguvu ya betri moja ndogo ya tochi. Ishara hiyo hafifu hukuzwa, hugeuzwa kuwa namba, na namba huzidishwa kwa kiwango kilichowekwa na fundi wakati wa kurekebisha mizani. Mizani yenyewe haijui kilo ni nini. Inajua volti, na kilo imefundishwa.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mizani iliyofundishwa vibaya, kwa bahati mbaya au kwa makusudi, itaonyesha tarakimu zilizotulia na kung'aa sawasawa na ile iliyofundishwa vizuri.

Transdusa nyingine katika maisha ya mlaji

Kiberiti cha kuwashia jiko la gesi kina kipande kinachotoa umeme kinapogongwa. Tabia hiyo ya baadhi ya fuwele ilielezwa mwaka 1880 na ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie. Paneli ya sola iliyo juu ya paa hugeuza mwanga kuwa umeme. Metali mbili tofauti zilizounganishwa kwenye ncha huzalisha volti ndogo zinapopashwa joto, jambo lililogunduliwa na Thomas Seebeck mwaka 1821 na linalotumika hadi leo kupima joto la matanuri. Zote hizi ni za kundi la kwanza.

Kipimajoto cha kidijitali kinachotumika zahanati ni cha kundi la pili. Ndani ya ncha yake kuna kipande ambacho ukinzani wake wa umeme hubadilika kadiri joto linavyobadilika.

Katika pampu ya mafuta, petroli inapopita huzungusha mhimili, na transdusa iliyo kwenye mhimili huo hutoa mapigo ya umeme. Kompyuta ya pampu huyahesabu. Tuseme mapigo 100 yamewekwa kuwa lita moja. Basi kila pigo ni mililita 10. Ndiyo maana mnunuzi anatakiwa kuhakikisha kioo kimerudi sifuri kabla mafuta hayajaanza kumiminwa.

Mita ya umeme nayo hupima mkondo na volti, kisha hutoa mapigo yanayoonekana kama taa ndogo inayowaka na kuzimika. Usoni pake huandikwa idadi ya mapigo kwa uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Ukizima kila kifaa nyumbani na taa hiyo ikaendelea kupiga mfululizo, kuna umeme unaotumika usiokuwa na habari nao.

Kwa nini mizani nzima hukosea?

Si kila kosa ni wizi. Kwanza, joto. Mizani iliyoachwa juani mchana kutwa hupata joto ambalo hubadili ukinzani wa kanda zake. Watengenezaji hupanga kanda nne ili kasoro hiyo ijifute, lakini haifutiki yote. Pili, betri iliyochoka hulisha seli kwa umeme usio thabiti. Tatu, jukwaa lililowekwa kwenye ardhi isiyo tambarare, au lenye jiwe au mabua yaliyobana chini yake, hupeleka sehemu ya mzigo mahali pengine. Nne, upepo. Kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Sekenke na Shelui, wanaouza kwa gramu na sehemu za gramu, hata pumzi ya mtu hutikisa tarakimu. Mizani yao inapaswa kukingwa kwa kifuniko.

Tano ni sababu isiyofahamika kwa wengi. Seli ya uzito hupima nguvu ambayo dunia inavuta gunia, na nguvu hiyo haiko sawa kila mahali. Karibu na ikweta na juu ya nyanda za juu ni pungufu kuliko Ulaya ya kati, kwa takribani sehemu 3 kati ya 1,000. Mizani iliyorekebishwa huko na kuletwa Iramba bila kurekebishwa tena ingempunja muuzaji ingawa hakuna mtu aliyeigusa. Kwa shehena ya kilo 1,800, pungufu lingekuwa karibu kilo 6. Hii ndiyo sababu mizani huhakikiwa mahali inapotumika, kwa mawe ya mizani ambayo uzito wake umethibitishwa. Cheti cha kiwandani peke yake hakitoshi.

Mkulima afanye hesabu. Magunia 30 yenye kilo 60 kila moja ni kilo 1,800. Mizani ikipunguza asilimia 1, amepoteza kilo 18. Ikipunguza asilimia 3, amepoteza kilo 54, karibu gunia zima, bila ugomvi wowote na bila kujua.

Mambo ya kufanya kabla ya kukubali uzito

1. Simama mahali unapoona kioo. Kabla ya kupakia, kisome sifuri, na jukwaa liwe tupu.

2. Tazama bamba la maelezo. Maneno Max na Min huonyesha mzigo wa juu na wa chini. Mizani ya magunia haifai kupimia nusu kilo ya kitu chochote.

3. Pima gunia moja mara mbili. Tarakimu zikitofautiana sana, mizani haijatulia.

4. Liweke gunia katikati, kisha kwenye pembe za jukwaa. Uzito unapaswa kubaki ule ule.

5. Pima magunia mawili moja moja, kisha kwa pamoja, mradi uwezo wa mizani unaruhusu. Jumla ilingane.

6. Baada ya kushusha mzigo, hakikisha kioo kimerudi sifuri.

Majaribio haya yana mpaka, na mlaji anapaswa kuujua. Yanafichua mizani mbovu, chafu au iliyowekwa vibaya. Hayafichui mizani iliyofundishwa kupunguza kwa uwiano ule ule kila mara. Mizani kama hiyo itarudi sifuri, itarudia tarakimu zile zile na jumla zake zitalingana. Inayoweza kuiumbua ni mawe yaliyothibitishwa tu, na hapo ndipo kazi ya Serikali inapoanza.

Haki na wajibu

Kwa mujibu wa Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, kipimo kinachotumika katika biashara kinapaswa kuhakikiwa na Wakala wa Vipimo, na uhakiki hurudiwa kila mwaka. Mizani iliyohakikiwa hubandikwa stika na hufungwa kwa lakiri ili isifunguliwe na kurekebishwa kwa siri. Mlaji ana haki ya kuiona stika hiyo na kusoma mwaka wake. Lakiri iliyokatika ni sababu tosha ya kukataa kupimiwa.

Mizani za nyumbani, zile za kupimia uzito wa mwili au viungo vya jikoni, si za biashara. Vivyo hivyo debe, ndoo, kisado na chupa ya petroli ya kando ya barabara si vipimo, hata kama vimezoeleka.

Ukiona dalili za udanganyifu, usigombane. Andika tarehe, mahali, aina ya mizani na uzito ulioonyeshwa, tunza risiti, kisha toa taarifa katika ofisi ya Wakala wa Vipimo ya mkoa au kwa uongozi wa kijiji na kata. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkulima aliyeandika uzito wa kila gunia humpa mkaguzi mahali pa kuanzia, naye mfanyabiashara mwaminifu hana cha kupoteza mizani yake ikikaguliwa mbele ya wateja wake.